Vichekesho vya mapenzi na purukushani katika filamu bubu

Vichekesho vya mapenzi na purukushani ni aina ya filamu iliyostawi Marekani, na kwa kiasi fulani Ulaya, tangu mwaka 1912 hivi hadi filamu za sauti zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920. Ndani yake kisa cha kutafuta mchumba, kufunga ndoa au kuinusuru ndoa husimuliwa kwa watu kuanguka, kufukuzana, kupigana na kuvunja vitu. Kwa lugha ya wapenda sinema wa kwetu, yupo steringi, yupo adui, na yupo binti anayegombaniwa. Tofauti ni kwamba steringi huyu hana misuli wala bastola, na mara nyingi hana hata nauli.

Filamu hizi hazikuwa na sauti, kwa hiyo kijana hakuweza kumtamkia binti mapenzi yake watazamaji wakamsikia. Zilikuwapo kadi za maandishi zilizopachikwa katikati ya picha, lakini kadi zikizidi filamu hugeuka kitabu. Mapenzi yakabaki kusemwa na mwili. Aliyependa alipanda ukuta, akatumbukia ziwani, akakimbizwa na polisi, akafika mlangoni kwa mpenzi wake suruali imechanika, na watazamaji wakaelewa anachotaka kusema. Hapo ndipo aina hii inapoachana na vichekesho vya kurushiana keki usoni, ambavyo watu wengi huviweka nayo kapu moja. Kwenye vile mtu huanguka ili tucheke basi, na kwenye hivi huanguka kwa sababu ya mtu fulani anayemtazama, au anayeshindwa kumtazama.

Kibao na kofia ndefu

Jina la Kiingereza la vichekesho vya purukushani, slapstick, limetokana na kibao cha vipande viwili vya mbao alichokuwa akikibeba Arlecchino, mtumishi mjanja wa michezo ya jukwaani ya Italia ya karne ya 16. Kibao hicho kikimpata mtu kilitoa mlio mkubwa kuliko maumivu. Katika michezo hiyo kazi zilikuwa zimegawanywa: vijana wapendanao walivaa vizuri, hawakufunika nyuso kwa vinyago, na walizungumza kwa maneno ya kupamba. Kupigwa na kuanguka ilikuwa sehemu ya watumishi. Filamu bubu ndiyo iliyomtwisha mtu mmoja mizigo yote miwili, ikamfanya mpenzi mwenyewe ndiye mla kibao.

Mfaransa Max Linder (1883–1925) alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulifanya hilo mbele ya kamera. Alianza kazi katika kampuni ya Pathé mwaka 1905, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza uso wake ulikuwa unafahamika nchi nyingi. Max alikuwa bwana mtanashati mwenye kofia ndefu, glavu na fimbo, ambaye huenda kumposa binti wa watu, na kuanzia hapo hakuna linalonyooka. Ucheshi wake ulitokana na juhudi ya kulinda heshima huku heshima yenyewe ikiporomoka. Charles Chaplin alijiita mwanafunzi wake, na si kwa adabu tu. Fimbo na kofia vinasema vyenyewe.

Keystone na kitanda kilichoelea

Mwaka 1912 Mack Sennett, mzaliwa wa Kanada aliyejifunza kazi chini ya D. W. Griffith katika kampuni ya Biograph, alianzisha studio ya Keystone huko Edendale, Los Angeles. Filamu zake za mwanzo zilikuwa za mkanda mmoja au miwili, yaani kama dakika 10 hadi 30, na nyingi zilitengenezwa haraka kuliko fundi anavyoshona suti. Kisa hakikuhitaji mengi: bustani, benchi, binti, wanaume wawili, polisi mmoja na ziwa. Mwisho wa kisa kila mtu, kasoro binti, alikuwa ameloa.

Mabel Normand ndiye aliyeipa studio hiyo moyo. Alitoka Biograph pamoja na Sennett, na kufikia mwaka 1914 alikuwa akiongoza baadhi ya filamu zake mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa studio, Chaplin akiwa mmoja wao, hawakulimeza kirahisi. Mwaka huohuo alionekana na Chaplin na Marie Dressler katika Tillie's Punctured Romance, filamu ndefu ya vichekesho kuhusu laghai anayemtorosha binti wa mkulima kwa ajili ya pesa zake. Filamu ilipendwa, ingawa mapenzi ndani yake ni ya uongo mtupu.

Ya kweli yalikuja mwaka 1916 katika Fatty and Mabel Adrift, iliyoongozwa na Roscoe Arbuckle. Kibarua wa shamba anamwoa binti wa tajiri wake, wakahamia nyumba ndogo kando ya bahari. Adui, aliyeigizwa na Al St. John, mpwa wa Arbuckle mwenyewe, anaisukumia nyumba baharini usiku wa dhoruba, na wanandoa wanaamka vitanda vyao vikielea. Lakini kipande kinachokumbukwa zaidi hakina fujo yoyote. Mabel amelala. Arbuckle, mwanamume mkubwa wa kilo nyingi, anasimama mbali kidogo asimwamshe, na kivuli chake ukutani kinainama taratibu na kumbusu. Baada ya hapo bahari inaingia ndani. Sekunde hizo chache zilionyesha kwamba purukushani inaweza kungoja, na kwamba ikingojewa hunoga zaidi.

Arbuckle na Normand hawakufaidi sana matunda ya kazi hiyo. Mwaka 1921 Arbuckle alishtakiwa kufuatia kifo cha mwigizaji Virginia Rappe. Alifikishwa kortini mara tatu, na baraza la tatu likamwachia huru mwezi wa Aprili 1922 na kumwomba radhi, lakini jina lilikuwa limekwisha kuchafuka. Normand naye aliandamwa na magazeti baada ya mwongozaji William Desmond Taylor kuuawa mwaka 1922, na akafariki kwa kifua kikuu mwaka 1930.

Harold Lloyd na kigugumizi kisichosikika

Harold Lloyd (1893–1971) alianza kwa kumwiga Chaplin, kisha mwaka 1917 akavaa fremu ya miwani isiyo na vioo na kuwa mtu mwingine kabisa. Fremu ile ilikuwa na akili. Chaplin, Arbuckle na wengineo walionekana vichekesho hata kabla ya kutikisika, lakini Lloyd alionekana kama karani wa kawaida, kijana wa jirani anayeweza kabisa kupeleka posa. Mwaka 1919 bomu lililodhaniwa kuwa la kuigizia lilimlipukia, likamkata kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Tangu hapo alivaa glavu ya kuficha pengo hilo, na kwa mkono huo ndio alipanda jengo katika Safety Last! (1923). Watu hukumbuka saa aliyoning'inia na husahau kwamba alipanda ili apate pesa za kumwoa msichana aliyemdanganya kuwa yeye ni meneja. Binti huyo aliigizwa na Mildred Davis, ambaye Lloyd alimwoa mwaka huohuo.

Girl Shy (1924), iliyoongozwa na Fred Newmeyer na Sam Taylor, ndiyo filamu ambayo mwandishi wa makala haya angemwonyesha mtu asiyejua lolote kuhusu aina hii. Harold ni mwanagenzi wa fundi cherehani katika mji mdogo. Ana kigugumizi kikali kila anapozungumza na mwanamke, na kinachokifungua ni mlio wa filimbi tu. Usiku anaandika kitabu cha kuwafundisha wanaume namna ya kuwanasa wanawake, akijifanya bingwa. Anapopanda treni kupeleka mswada mjini anamsaidia Mary, binti wa kitajiri aliyeigizwa na Jobyna Ralston, kumficha mbwa wake mdogo asionwe na kondakta. Anamsimulia kitabu chake. Anaposimulia amesahau kugugumia, na huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba amempenda.

Kigugumizi katika filamu isiyo na sauti! Mtu angesema ni wazo la kichaa. Lakini Lloyd alikuwa amegundua kitu: mdomo unaohangaika bila kutoa neno huonekana vizuri zaidi pale ambapo hakuna anayetoa neno. Watazamaji wote wamo katika hali yake.

Mchapishaji anakicheka kitabu. Harold, akijiona hana mbele wala nyuma, anamwambia Mary kwamba alikuwa akimfanyia majaribio tu kwa ajili ya sura za kitabu, ili amchukie na aolewe na mwingine. Kisha barua inafika kutoka kwa mchapishaji. Anaichana bila kuifungua, akidhani ni ya kumkataa, halafu inabainika kwamba kipande kimoja ni cha hundi. Kitabu kitatolewa, lakini kama kichekesho. Wakati huohuo anabaini kwamba mwanamume anayemwoa Mary siku hiyo tayari ana mke.

Kinachofuata ni patashika nguo kuchanika. Harold anakimbilia harusini kwa gari moja, kisha jingine, kwa farasi, kwa gari la zimamoto, kwa pikipiki, kwa mkokoteni, na kwa tramu ambayo anajikuta juu ya paa lake ameshikilia mti unaogusa waya wa umeme. Anafika. Anataka kusimamisha ndoa. Hawezi kutamka. Basi anambeba bibi harusi begani na kuondoka naye. Nje, anapotaka kumwomba amwoe, kigugumizi kinamkaba tena, mpaka filimbi ya mtu wa posta inapolia. Filamu nyingi za baadaye zimeiga mbio za kuwahi harusi. Chache zimekumbuka kwamba anayekimbia alikimbia kwa sababu hawezi kusema.

Keaton, mtu asiyetabasamu

Buster Keaton (1895–1966) alilelewa jukwaani, akirushwa huku na huko na baba yake katika maonyesho ya familia, na aliingia kwenye filamu mwaka 1917 kupitia Arbuckle. Uso wake haukubadilika, si kwa furaha wala kwa hofu, kwa hiyo mapenzi yake yalipaswa kusomwa kwenye mgongo na miguu.

Seven Chances (1925) inaanza kwa mzaha mtulivu uliopigwa kwa rangi za awali za Technicolor. Kijana na binti wamesimama getini. Majira yanabadilika, majani yanapukutika, theluji inaanguka, mbwa aliyekuwa mtoto anakuwa mkubwa, na kijana bado hajathubutu kusema kwamba anapenda. Kisha anaambiwa atarithi dola milioni 7 iwapo ataoa kabla ya saa 1 jioni ya siku ileile, anapotimiza miaka 27. Anakwenda kwa binti huyo, Mary, lakini anaharibu posa kwa kusema kwamba lazima aoe, awe yeyote. Tangazo linatoka gazetini, na kanisa linajaa mamia ya wanawake waliovaa mashela. Wanamfukuza mji mzima.

Mbio zile hazikuishia palepale zilipokusudiwa kuishia. Filamu ilipojaribiwa mbele ya watazamaji, waliamka pale mawe machache yalipoviringika kwa bahati mbaya nyuma ya Keaton akishuka mlima. Akarudi kazini, akatengenezewa mamia ya mawe bandia, makubwa kwa madogo, akayakwepa mtelemko mzima. Haifai kuficha kwamba filamu hiyohiyo ina mizaha ya kuwadhihaki watu weusi, pamoja na mzungu aliyepakwa rangi nyeusi. Vichekesho vingi vya wakati huo vina doa hilo, na mtazamaji wa leo hulikuta bila kuonywa.

Katika The General (1926) tamko la mapenzi lina urefu wa sekunde chache. Johnnie, yaani Keaton, na mpenzi wake Annabelle wanatoroka kwa treni, maadui wako nyuma, tanuri linahitaji kuni. Annabelle anafagia sakafu. Anatupa gogo nje kwa sababu lina tundu. Johnnie, amechoka, anampa kijiti chembamba kwa kejeli, naye anakitia motoni kwa uangalifu mkubwa. Johnnie anamkaba shingo, anamtikisa, halafu anambusu haraka na kurudi kazini. Sijui filamu nyingine iliyoeleza ndoa kwa ufupi kiasi hicho. Sherlock Jr. (1924) nayo inamalizia na kijana mwonyesha filamu aliye na mchumba katika chumba cha kuonyeshea filamu, asiyejua la kufanya. Anachungulia kwenye skrini. Steringi wa huko anamshika mpenziwe mikono, naye anashika. Anavisha pete, naye anavisha. Ghafla skrini inaonyesha wanandoa wakiwa na watoto mapajani, na Keaton anakuna kichwa.

Kwa Chaplin mambo yalikuwa na uchungu zaidi. Mzururaji wake ni mpenzi asiyetarajiwa kushinda. Katika The Gold Rush (1925) anaandaa karamu ya Mwaka Mpya kwa ajili ya Georgia, msichana anayempenda, na wenzake, wageni hawatokei, na ngoma maarufu ya mikate miwili iliyochomwa uma anaicheza ndotoni. Mwishoni anampata Georgia, lakini Chaplin alipoitoa upya filamu hiyo mwaka 1942 aliliondoa busu la kufungia. City Lights aliitoa mwaka 1931 bila mazungumzo, wakati karibu wengine wote wamekwishahamia kwenye sauti. Mwaka 1926 Harry Langdon alikuwa ametangulia kucheza kisa kama cha City Lights, cha mwanamume anayempenda msichana kipofu, katika The Strong Man, iliyoongozwa na Frank Capra, na filamu hiyo haistahili kusahaulika kama ilivyosahaulika.

Baada ya harusi

Visa vingi huishia kanisani. Vichache vinavyoanzia hapo ni vikali zaidi. One Week (1920) ya Keaton inahusu nyumba ya kujiunganishia ambayo wanandoa wamepewa zawadi, na mchumba aliyekataliwa amebadilisha namba za makasha. Nyumba inatoka imepinda, dhoruba inaizungusha kama pia, na treni inaisaga. Katikati ya maafa hayo Sybil Seely anaoga, sabuni inamponyoka nje ya beseni, anaitazama kamera, na mkono wa mtu unaifunika lenzi mpaka aiokote.

Kilele cha tawi hili ni Mighty Like a Moose (1926) ya Charley Chase, iliyoongozwa na Leo McCarey. Mume ana meno yaliyochomoza, mke ana pua kubwa. Kila mmoja, bila kumwambia mwenzake, anakwenda kutengenezwa. Wanakutana wakiwa wamependeza, hawatambuani, wanavutiwa, na wanakwenda pamoja kwenye sherehe kama wazinzi wawili wenye hofu. Mume anapogundua ukweli kwanza, badala ya kufurahi, anakasirika kwamba mkewe amemsaliti, naye msaliti mwenzake ni yeye mwenyewe! Anavaa meno ya bandia, anayavua, anaingia mlango huu kama mume na kutokea ule kama hawara, na kupigana na nafsi yake huku mke akisikiliza. Yote hayo kwa mikanda miwili tu.

Wanawake wasiokubali kubaki zawadi

Katika filamu nyingi zilizotajwa binti husubiri, na mwanamume ndiye anayeanguka. Zilikuwapo tofauti. Mary Pickford katika My Best Girl (1927) ni mfanyakazi wa stoo anayeingia na masufuria mpaka mguu unanasa ndani ya mojawapo. Clara Bow katika It ya mwaka huohuo ndiye anayemwinda tajiri wake, wala hajifichi. Ujerumani, Ossi Oswalda alivunjavunja vyombo vya chumba kizima katika The Oyster Princess (1919) ya Ernst Lubitsch kwa hasira ya kutopata mume mwenye cheo.

Show People (1928) ya King Vidor ilikusanya yote hayo. Marion Davies ni msichana aliyefika Hollywood akitaka kuwa mwigizaji wa misiba mikubwa. Siku yake ya kwanza kazini anamwagiwa maji ya soda usoni bila kuambiwa, na anakimbia akilia kweli. Mchekeshaji Billy, aliyeigizwa na William Haines, anambembeleza arudi. Baadaye anapata umaarufu, anajisahau, na anakaribia kuolewa na bwana wa cheo bandia. Billy anaingia harusini na kumwagia maji yaleyale ya soda. Maji yanafanya kazi ambayo hotuba isingeifanya.

Sauti na nakala zilizosalia

Kuanzia mwaka 1927, The Jazz Singer ilipotoka, maikrofoni iliifunga kamera ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, na mtu wa kukimbia akaambiwa asimame azungumze. Keaton alijiunga na MGM mwaka 1928, akapoteza mamlaka juu ya kazi yake ndani ya muda mfupi. Waliopona ni waliokuwa nyuma ya kamera. Capra, aliyewahi kutunga mizaha kwa Sennett, alitengeneza It Happened One Night mwaka 1934. McCarey alitengeneza The Awful Truth mwaka 1937, nayo pia ni kisa cha mume na mke wanaoviziana kama wageni.

Filamu zenyewe zilipigwa kwenye mikanda ya naitreti inayoshika moto kirahisi. Moto wa mwaka 1943 katika ghala la nyumbani kwa Lloyd uliteketeza kazi zake nyingi za mwanzo. Keaton alikuwa amejenga jumba huko Beverly Hills kwa ajili ya mkewe, Natalie Talmadge, aliyeigiza naye katika Our Hospitality mwaka 1923. Wakaachana mwaka 1932, na nyumba ikapita mikononi mwa watu wengine. Katika miaka ya 1950 mwenye nyumba wa wakati huo, mwigizaji James Mason, alifungua stoo iliyokuwa imefungwa miaka mingi na kukuta makopo ya filamu za Keaton yakiwa yamepangwa humo.